Mke wa Leszek

Siku ya nne tukiwa Roma, Witold alisema anarudi nyumbani.

Alisema wakati wa chai ya asubuhi, akiwa amesimama dirishani, mgongo ametugeuzia. Mama mkwe wangu alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Binti yangu Hania, mwenye miaka minane, alikuwa anapanga mbegu za tikitimaji ukingoni mwa sahani.

"Kazini wamenipigia," Witold alisema. "Lifti mbili zimegoma kwenye jengo moja, na mwenzangu anaumwa. Kuna ndege saa kumi na moja jioni."

"Kazi ni kazi," Mama akasema. Hakuinua uso.

"Lakini uliniahidi tutapanda juu ya kuba la kanisa," Hania akasema. "Uliahidi tangu nyumbani Łódź, Baba Mdogo."

"Tutapanda asubuhi hii. Tukishuka, ndipo nitakwenda."

Mimi niliweka kikombe mezani. Nilijua anadanganya. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu tulipotua. Mwenyewe aliitumbukiza ndani ya begi na kusema kwamba wiki hii watu wa Łódź watapanda ngazi. Tena Witold hajui kudanganya huku anamtazama mtu usoni. Ndiyo maana alikuwa anaongea na dirisha.

Mume wangu, Leszek, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa saratani ya kongosho. Iligunduliwa mwezi wa kumi, na kufikia mwezi wa pili tulikuwa makaburini, tumesimama kwenye theluji. Witold ni mdogo wake wa kumfuata. Ni fundi wa lifti, hajaoa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Baada ya mazishi watu walilia, wakala, wakatawanyika, kama ilivyo desturi ya watu. Yeye alirudi Jumamosi iliyofuata na mfuko wa zana, akasema amesikia bomba la jikoni linavuja. Halikuwa linavuja sana. Jumamosi ya pili akarudi kutazama dirisha. Kwa miaka mitatu hakukosa Jumamosi hata moja, mpaka nyumba yangu ikawa haina kitu kibovu, naye bado anakuja.

Hatukuwahi kusema neno. Aliniita shemeji nami nikamwita shemeji, na neno hilo tukaliweka katikati yetu kama meza: yeye upande ule, mimi upande huu. Lakini ilipofika Ijumaa nilijikuta nanunua zile soseji anazozipenda. Nikiwa kazini kwenye duka la dawa, nikisikia hatua nzito mlangoni, nilikuwa nainua kichwa hata siku ambazo nilijua haiwezi kuwa yeye.

Safari ya Roma ilikuwa ya Mama. Alitimiza miaka sabini mwezi wa sita. Maisha yake yote aliyamalizia kwenye kiwanda cha nguo, mbele ya mashine zilizomharibia sikio la kushoto, na tangu akiwa msichana alitamani jambo moja tu: kuliona kanisa la Mtakatifu Petro kabla hajafa. Witold ndiye aliyetafuta nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne, karibu na mto. Haikuwa na lifti.

"Jamani, nimezaa fundi wa lifti," Mama alilalamika siku ya kwanza, akihema kwenye ngazi, "na ananipeleka kwenye nyumba isiyo na lifti."

"Ningekupangisha yenye lifti ungenitaka niitengeneze, Mama."

Tulicheka wote. Siku mbili zile za mwanzo tulicheka sana, zaidi ya tulivyocheka miaka mitatu.

Kisha ikaja siku ya tatu. Tulikuwa tunavuka daraja mchana, jua la mwezi wa nane likiwa utosini, na ukanda wa kiatu changu ukakatika. Mama na Hania walikuwa wametangulia kwenye bomba la maji lililoko mwisho wa daraja, wanakunywa kwa viganja. Witold alipiga goti kwenye mawe, akatoa kipande cha waya mfukoni, maana mfuko wake haukosi waya, akaanza kuunganisha ule ukanda. Nilimshika bega nisianguke. Alipomaliza hakunyanyuka. Mkono wake ulibaki umeushika mguu wangu, pale juu kidogo ya kifundo, na kidole gumba chake hakikuwa na kazi yoyote ya kufanya pale. Kisha akaniangalia.

"Dorota," akasema.

Hakusema shemeji. Miaka mitatu yote, ndiyo mara ya kwanza kunitamkia jina langu likiwa peke yake. Nami sikuutoa mguu.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa ameacha kunywa maji. Alikuwa amesimama na viganja vyake vimejaa, maji yanadondoka kwenye viatu vyake, anatutazama.

Kwa hiyo asubuhi ile ya nne, Witold alipoongea na dirisha, nilijua.

*

Mama hakupanda kwenye kuba. Alisema magoti yake yameshapanda vya kutosha kwenye nyumba aliyopangiwa na mwanawe, akabaki chini kanisani na rozari yake, mtandio begani. Tulikwenda watatu. Lifti ya pale inamfikisha mtu nusu ya safari, na Witold, hata siku ile, hakujizuia kuusikiliza mlango wake ukifunga. Kuanzia hapo ni ngazi. Njia inabana, ukuta unaanza kulala kufuata mviringo wa kuba, na mtu inambidi apande akiwa ameinama ubavu. Hania alikuwa mbele akihesabu kwa sauti. Mimi nilifuata. Nilisikia pumzi za Witold nyuma yangu njia nzima.

Juu kulikuwa na upepo. Hania alikimbilia ukingoni kutafuta paa la nyumba yetu. Sisi tulisimama hatua chache nyuma yake.

"Simu yako imezimwa," nikamwambia.

"Najua unajua."

"Ni Mama?"

"Alikuja chumbani kwangu jana jioni. Akakaa kitandani. Nilidhani anaumwa."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza kama nakupenda."

Nilishika chuma cha ukingo. Jua lilikuwa limekichoma, lakini sikuuondoa mkono.

"Ukamjibu nini?"

"Mama yangu sijawahi kumdanganya, Dorota. Leo asubuhi ndiyo mara ya kwanza, na mwenyewe ndiye aliyenituma."

Nilimtazama. Alikuwa anauangalia mto kule chini, taya limekaza, na kwenye shavu palikuwa na kidonda kidogo alipojikata kwa wembe. Maneno niliyoyangoja sijui kwa Jumamosi ngapi yalikuwa yamesemwa, na yalisemwa chumba kingine, kwa mtu mwingine.

"Kwa hiyo Mama ameambiwa kabla yangu," nikasema.

"Nilikusudia kukwambia. Kila wiki nilikusudia. Nikifika kwako naiona picha yake pale ukutani, najikuta nauliza habari za bomba."

"Na Mama akakufukuza."

"Angenifukuza ningebaki. Angenitukana ningebaki pia. Aliniomba. Alinishika mkono, akaniita kwa jina langu la utotoni. Witek, akasema, nimeshamzika kaka yako, usiniondolee na mkewe."

"Na mimi, nani ananiomba?"

"Dorota."

"Nakuuliza. Mnakaa mama na mwana, mnapanga, mimi nipo chumba cha pili nakunja nguo za mtoto. Asubuhi naambiwa lifti zimegoma."

"Ungetaka nifanye nini? Nikuchukue wewe, yeye awe analia upande wa pili wa ukuta?"

"Ningetaka uniulize."

Hania aligeuka, akapunga mkono. "Nimeliona! Lile lenye shuka za bluu!" Tulimpungia, tukatabasamu kama watu wazima wanavyoweza kutabasamu wakati wowote.

"Nikwambie kitu," nilisema polepole. "Kuwa mjane nimeshajifunza. Nilidhani sitaweza, nikaweza. Lakini kufiwa na mtu aliye hai, ambaye nitamwona Krismasi amekaa ng'ambo ya meza ananiomba nimpitishie chumvi, hilo siliwezi. Ukiondoka leo, Jumamosi usije."

Rangi ilimtoka usoni.

"Na Hania?"

"Hania utamwona kwa Mama siku za Jumapili. Kwangu usije. Bomba likivuja nitamwita fundi wa bomba."

Nilitaka abishe. Ningejibiwa neno moja la hasira, ningeyafuta yote niliyoyasema. Lakini Witold si mtu wa kubisha. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa kipimo na kukiandika, akaenda kusimama na mtoto. Nilimwona akiinama, Hania akimwonyesha paa lenye shuka za bluu, naye akisema, "Naam, ndilo. Una macho makali wewe."

Saa nane mchana alisimama mlangoni na begi lake. Mama alimbusu paji la uso, akamwekea mkate na soseji kwenye karatasi, kana kwamba anakwenda vitani. Hania alimkumbatia kiuno hataki kumwachia. Zamu yangu ilipofika, alinipa mkono.

"Kwaheri, shemeji," akasema.

Nilisikia hatua zake ngazi zote nne mpaka mlango wa chini ukafungwa.

*

Mwenye nyumba alikuwa na mjukuu wa umri wa Hania, na mchana ule watoto wawili walicheza uani, mmoja anaongea Kipolandi, mwingine Kiitaliano, na wote wanaelewana. Sauti zao zilipanda mpaka jikoni. Mama alikuwa anamenya mapichi. Nilichukua kisu, nikakaa mbele yake upande wa sikio lake zima.

"Mama, umemfukuza Witold."

"Sikumfukuza. Nilimwomba."

"Kumwomba Witold ni kumfukuza. Unajua hajawahi kukunyima kitu."

Aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu bila kukatika.

"Nilikuona darajani," akasema.

"Uliona kiatu kimekatika, mtu anakifunga."

"Mimi nimeolewa, Dorota. Nimefiwa na mume kabla yako. Najua mkono wa fundi, na najua mkono wa mwanamume."

Damu ilinipanda usoni. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mchana ule sikuona sababu ya kurudi nyuma.

"Unaogopa majirani watasema nini?"

"Majirani wana ya kwao."

"Padri?"

"Padri nilishamuuliza. Amesema kanisa halina neno."

Kisu kilinisimama mkononi. "Ulimuuliza lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka? Mama, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

"Sikio ndilo bovu. Macho yangu mazima." Aliweka pichi kwenye bakuli, akachukua jingine, lakini hakulimenya. Alilishika tu. "Unadhani nakuchukia? Wewe uliyemwosha mwanangu na kumgeuza kitandani miezi minne, nikuchukie? Ningetafuta mke wa Witek dunia nzima nisingepata kama wewe. Hilo ndilo linaloniuma."

"Basi ni nini?"

Alilizungusha lile pichi kiganjani.

"Jumapili ukija kwangu," alisema, "nasikia hatua zako kwenye ngazi, za kwako na za mtoto. Najiambia, huyo mke wa Leszek anakuja. Kila Jumapili. Mtu ambaye mkewe bado anapanda ngazi, anakuja na keki, anavua koti, mtu huyo hajafa kabisa. Unanielewa? Sasa siku utakayopanda ngazi zile ukiwa mke wa Witek, Leszek atakuwa nani? Atakuwa picha. Huyu mtoto sasa anaita Baba Mdogo. Kesho lile neno mdogo litaanguka njiani, atabaki anasema baba. Mwanangu nilimzika mara moja. Sitaki kuwepo mkimzika mara ya pili, na sherehe juu."

Uani watoto walikuwa wanaimba.

"Mama, mimi nina miaka thelathini na tisa. Siku moja huenda nikaolewa. Mwanamume yeyote mwingine nikimleta nyumbani, siku itafika ataniambia nitoe ile picha ukutani. Hatasema mwezi wa kwanza. Atasema kwa upole, atasema ni kwa faida ya mtoto. Lakini atasema. Duniani kuna mwanamume mmoja tu ambaye ile picha inamuuma pale pale inaponiuma mimi. Naye umempa mkate na soseji ukamtoa mlangoni."

"Usinifanye nichague kati ya wanangu."

"Hakuna cha kuchagua. Mmoja hayupo, Mama."

Nilijuta kabla sijamaliza kutamka. Mama aliweka kisu mezani, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akainuka akaingia chumbani kwake. Mlango aliufunga bila kelele. Nilikaa na lile bakuli la mapichi mpaka yakageuka rangi.

Jioni nilipokuwa namvalisha Hania nguo za kulalia, aliniuliza, "Mama, Baba Mdogo ameondoka kwa sababu yangu?"

"Kwa nini useme hivyo?"

"Nilimwambia kwenye ngazi anatembea kama mzee. Alikuwa amechoka, halafu nikamwambia hivyo."

"Hapana, mpenzi wangu. Si wewe."

"Basi ni nani?"

Nyuma yangu sakafu ililia kidogo, nikageuka. Mama alikuwa mlangoni, amesimama na glasi ya maji, na sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alimletea mtoto ile glasi, akamlaza, akamfunika shuka mpaka kidevuni ingawa joto lilikuwa la kumyeyusha mtu.

*

Tulibakiwa na siku mbili. Tulitembea kama watu wanaotimiza wajibu. Tuliingia makanisa, tukakaa kwenye ubaridi wake. Tulikula aiskrimu tukiwa tumesimama. Mama aliwanunulia majirani zake rozari, akawa anauliza bei na kujibiwa kwa vidole. Baina yetu tulisema yale ya lazima. Chukua chupa ya maji. Mtoto avae kofia. Njia ni hii.

Siku ya mwisho tulipanda kwenye bustani moja kilimani, imejaa michungwa, na kutoka pale unauona mji wote umetandazwa chini. Hania aliokota machungwa machungu yaliyoanguka akayapanga mstari. Mama alikaa kwenye benchi ya jiwe. Mimi nilikaa pia, na kati yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Jumamosi," Mama alisema ghafla, "huwa mnaongea nini?"

"Nani?"

"Wewe na Witek. Anakaa kwako mpaka jioni. Kwangu huwa anakula, anauliza kama dawa nimemeza, anaondoka. Kwako anaongea nini?"

"Mara nyingi Leszek," nikasema.

Alinigeukia mwili mzima. "Leszek?"

"Alivyokuwa. Mambo yao ya utotoni. Alivyokuwa anadanganya kwenye karata. Yeye ananisimulia yale ambayo mimi sikuwepo, nami namsimulia yale ambayo yeye hakuwepo."

"Kwangu hajamtaja tangu mazishi," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hata jina. Nilidhani amemsahau. Nilidhani ndiyo maana ameweza kukupenda wewe."

"Anaogopa, Mama. Mara ya mwisho alipomtaja mbele yako ulidondosha sahani, ukakaa siku tatu hujala. Aliniambia hatarudia."

Mama aliangalia mikono yake. Upepo ulikuwa unamvuruga nywele zilizotoka kwenye kitambaa, hakujali.

"Niambie moja," akasema. "Katika hayo aliyokusimulia. Moja ambalo silijui."

Nilifikiri. Mengine yalikuwa mazuri mno, nikahofia yatamwangusha. Nikachagua lisilo na adabu.

"Unakumbuka Leszek alipokuwa na miaka kumi na miwili, kila Ijumaa alikuwa anakuja kukupokea kwenye geti la kiwanda?"

"Namkumbuka. Alikuwa ananibebea mfuko. Wanawake wote pale kiwandani walinionea wivu. Mpaka leo nawaambia watu, mwanangu yule alinipokea mzigo mvua na theluji."

"Yule bawabu wa getini alikuwa anampa sigara."

Mama alinitazama.

"Sigara mbili kila Ijumaa," nikaendelea. "Alikuwa anamtuma kumnunulia kitu fulani dukani, sijui nini, Witold hakukumbuka. Leszek anakuja mapema, anapewa zake, anavuta nyuma ya ukuta, kisha anatafuna majani ya mnanaa anakungoja. Witold alikuwa anajua. Alikuwa anapewa nusu ya moja ili anyamaze."

"Witek alikuwa na miaka kumi."

"Ndiyo. Anasema alitapika mara ya kwanza, na mara ya pili."

Mama aliutazama mji kule chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea, nikaona anacheka, anacheka bila sauti, mkono mdomoni, macho yamefumbwa. "Mshenzi yule," alisema. "Mshenzi. Miaka yote ile namsifia." Na katikati ya kicheko machozi yakaja, yakawa mengi kuliko kicheko, akaegemea bega langu na kulia kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Nilimshika. Nami nililia. Hania aliacha machungwa yake akaja akasimama mbele yetu, akaniuliza kwa macho, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba hakuna ubaya.

"Kumbe yuko kwenu," Mama alisema baadaye, akijipangusa kwa ncha ya mtandio. "Mimi namtafuta kwangu, na nyinyi mnaye Jumamosi zote."

Hakutaja jina la Witold tena siku hiyo, wala hakusema chochote kuhusu mimi na yeye, na mimi sikuuliza. Tulishuka kilima taratibu, kwa ajili ya magoti yake, yeye amenishika mkono.

*

Tulitua Warszawa siku iliyofuata saa saba mchana. Kulikuwa na mvua nyepesi, ile ya kwetu isiyo na haraka. Nilikuwa nimeshaangalia ratiba ya treni ya kwenda Łódź. Sikutegemea mtu wa kutupokea. Lakini milango ilipofunguka Hania aliruka mbele.

Witold alikuwa amesimama kando ya nguzo, koti lake limelowa mabegani, kofia mkononi. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Alimbeba Hania, akambusu mama yake, akachukua mabegi yote matatu. Kwangu aliinamisha kichwa tu.

"Leo si Jumamosi," alisema, kana kwamba anajitetea. "Nimekuja kwa ajili ya mizigo."

"Asante," nikasema. Ndilo neno pekee nililoliweza.

Tulimfuata mpaka kwenye maegesho. Gari lake ni dogo, la zamani, na tangu alinunue kiti cha mbele ni cha Mama. Hakuna aliyewahi kupanga hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Leszek alipokuwa hai alikaa nyuma magoti yamemfika kidevuni, na hata siku tuliyorudi makaburini Mama alikaa mbele, mimi na mtoto nyuma. Nilimfungia Hania mkanda, nikazunguka nipande upande wa pili. Nikamkuta Mama ameshaushika mlango ule ule.

"Mama, mbele ni huku," Witold alisema.

"Najua mbele ni wapi."

Akaingia nyuma. Akakaa, akaweka mkoba mapajani, akaanza kutafuta mkanda.

"Utabanwa huko," Witold akasema. "Safari ni ya saa mbili."

"Miguu inaniuma. Huku nitainyoosha."

Hapakuwa na mahali pa kunyoosha hata kidole. Magoti yake yalikuwa yamegusa mgongo wa kiti. Witold alinitazama juu ya paa la gari, mvua inamtiririka usoni, kinywa kimefunguka kidogo. Mimi nilibaki nimesimama, sijui mikono yangu niipeleke wapi.

"Dorota," Mama aliita kutoka ndani.

Niliinama dirishani. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anahangaika na mkanda, na Hania anamsaidia kuutafutia tundu.

"Kaa mbele. Utamwongelesha asisinzie."

"Mama," nikasema.

"Sijasema kitu," akajibu. "Nimesema kaa mbele."

Nilifungua mlango, nikakaa.